"Ni Tabia Tu": Maswali na Majibu Kuhusu Ubongo Unaoamua Vibaya

Mtu mzima, mwangalifu wa fedha maisha yake yote, anaanza kuzigawa ovyo. Ndugu wanagombana naye, wanamsema, wanamnyang'anya funguo. Miezi inapita. Hospitali ndiyo inayokumbukwa mwisho, na sisi tunaompokea tunatamani angeletwa siku ya kwanza.

Ubongo huamuaje?

Hupima. Kila unachoweza kuchagua hupewa thamani, kisha thamani hizo hushindanishwa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika mbele ya ubongo, juu kidogo ya macho. Mwaka 2006 watafiti wa ubongo Camillo Padoa-Schioppa na John Assad walichapisha uchunguzi wao kuhusu kima waliokuwa wakipewa kuchagua kati ya vinywaji viwili. Kima alikuwa na kinywaji akipendacho, lakini kile kingine kikiongezwa vya kutosha, alikihamia. Katika eneo hilo la ubongo zilipatikana seli ambazo ishara zake zilipanda na kushuka kufuata thamani ya kinywaji, kiwe kimewekwa kulia au kushoto. Nasi binadamu tunalitumia eneo hilohilo kupima.

Dopamini si kemikali ya raha?

Si hivyo hasa. Dopamini ni kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupeana ishara. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alionyesha kwa kima kwamba seli za dopamini huchangamka zawadi inapozidi matarajio. Ikija kama ilivyotarajiwa hazishtuki, na isipokuja hupunguza ishara. Kazi yake hapo ni kufundisha: hili lirudie, lile liache. Likumbuke hilo tutakapofika kwenye dawa.

Ndugu yetu amebadilika ghafla. Si tabia tu?

Hapana. Tabia ya mtu mzima haipinduki ndani ya siku au wiki chache bila sababu. Chunguzeni ubongo kwanza, lawama baadaye.

Lakini anaongea vizuri na anakumbuka kila kitu!

Hapo ndipo familia nyingi zinapokwama. Sehemu ya mbele ya ubongo inaweza kuumia huku usemi na kumbukumbu vikibaki salama. Mwaka 1848, huko Marekani, chuma kilipenya fuvu la mfanyakazi wa reli, Phineas Gage. Alipona, akatembea, akaongea. Daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba rafiki zake walimwona si Gage tena: hakuwa na subira, na mipango yake aliiacha kabla haijaanza. Kwa hiyo "anaongea vizuri" si jibu. Narudia: kuongea vizuri hakuthibitishi kwamba ubongo ni mzima.

Aligonga kichwa wiki kadhaa zilizopita, kidogo tu. Inahusika?

Ndiyo, na mngeanza kwa kutuambia hilo! Damu inaweza kuvuja polepole kati ya fuvu na ubongo, dalili zikajitokeza wiki kadhaa baadaye, hasa kwa wazee na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mara nyingi hutibika kwa upasuaji. Mpelekeni leo.

Ni mzee. Si uzee huo?

Uzee hauingii kwa usiku mmoja. Mzee aliyechanganyikiwa ndani ya saa au siku chache huenda ana nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, au sukari imeshuka. Hayo yanatibika, na yakiachwa yanaua. Mabadiliko yanayokuja taratibu kwa miaka nayo yanahitaji daktari, kwani upo ugonjwa wa kusahau unaoanza na tabia kabla ya kumbukumbu, mara nyingi kati ya miaka 45 na 65.

Anatibiwa ugonjwa wa Parkinson, ule wa mwili kutetemeka na kukakamaa, sasa anacheza kamari usiku kucha. Amepotoka?

Angalieni dawa zake kabla ya kumhukumu. Pramipexole na ropinirole huiga dopamini, na kwa baadhi ya wagonjwa huamsha uchu wa kamari, manunuzi, chakula au ngono usiozuilika. Wengi huona aibu kusema, basi waulizeni. Ila msimkatishe dawa wenyewe: kuziacha ghafla ni hatari. Daktari ndiye atakayepunguza au kubadili.

Tusubiri hadi lini tuone kama itapita?

Msisubiri. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, huenda ni kiharusi, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Hata zikipotea zenyewe, mpelekeni palepale.

Tuje na nini?

Dawa zake zote, tarehe mlipoona badiliko la kwanza, na mtu anayeishi naye. Huyo wa mwisho msimwache nyumbani, maana mgonjwa mwenyewe atatuambia hana tatizo lolote, na atasema kwa ufasaha kabisa.