"Tutarekebisha kwenye editi": dhana inayoua filamu za wanafunzi

Nimeisikia tena juzi, mwanafunzi akiwa ndiyo kwanza anachomeka diski: "Hilo tutarekebisha kwenye editi, mwalimu." Hapana. Mhariri hupanga kilichopigwa. Kisichopigwa hana pa kukitoa.

Tukio lenyewe lilikuwa rahisi: mama anammiminia mgeni chai. Kwenye shoti (kipande kimoja cha kamera) ya mbali, inayowaonyesha wote wawili, birika lipo mkono wa kulia na kikombe kimefika nusu. Kwenye shoti ya karibu birika limehamia kushoto, kikombe kikavu. Kumbe mwigizaji aliambiwa "anzia ulipoishia". Kosa liko hapo. Kila shoti irudie tendo zima: ashike birika, anyanyue, amimine, alirudishe. Nikipata hivyo, nakata birika likiwa linapanda. Jicho la mtazamaji linafuata mwendo, mkato haliuoni. Ukinipa vipande vilivyoungana ncha kwa ncha, umeninyima fremu, yaani picha moja moja za video, za kukatia.

Halafu wanafunzi hao wakavuka mstari. Watu wawili wakiangaliana, pana mstari wa kufikirika kati yao, na kamera hubaki upande mmoja wa mstari huo, ndani ya digrii 180. Wao walirukia ng'ambo, basi mama anatazama kulia, mgeni naye kulia, kana kwamba wote wanaongea na mtu wa tatu mlangoni. "Si ugeuze picha tu?" Nikaigeuza mbele yao. Maandishi ya kanga yakasomeka kinyumenyume, vifungo vya shati la mgeni vikahamia upande wa pili. Darasa likanyamaza.

Wengine huamini kusogeza kamera hatua moja kunaleta shoti mpya. Kama ukubwa wa picha ni ule ule, badili pembe angalau digrii 30, la sivyo picha itaonekana kuruka shoti hizo zikiunganishwa.

Ati ukimya haurekodiwi? Unarekodiwa. Chumba kina feni, friji, na barabara nje. Nyamazeni wote sekunde 30, mrekodi, nami nitakuwa na cha kuzibia mapengo ya sauti.

Na "nitakumbuka" siikubali kabisa, hasa mkirudi lokesheni siku ya pili. Kila dairekta akisema "kata", mmoja wenu atoe simu apige picha: mikono, kikombe, mikunjo ya kanga, kivuli kimeangukia wapi. Picha hizo nileteeni pamoja na diski.