Tao la mnyororo: umbo lililomwongoza Antoni Gaudí

Shika mkufu kwa ncha zake mbili, mkono mmoja huku na mwingine kule, uache katikati ulegee. Utajipinda wenyewe, kisha utatulia. Hakuna aliyeuchora mpindo ule. Umechorwa na uzito wa pete zenyewe. Wanahisabati wanauita katenari, kutokana na neno la Kilatini catena, yaani mnyororo. Sasa uwazie mpindo uleule umegandishwa na kupinduliwa, kilichokuwa bonde kikawa kilima. Hilo ndilo tao la mnyororo: tao lenye umbo la mnyororo unaoning'inia, ila limegeuzwa juu chini na kujengwa kwa tofali au mawe.

Maana ya neno inaishia hapo. Kinacholipa tao hili thamani ni sababu ya umbo lake.

Pete za mkufu haziwezi kusukumana, zinavutana tu. Mkufu ukishatulia, mvuto wote unapita ndani ya mkufu wenyewe, kutoka pete hadi pete, wala hakuna pete inayolazimishwa kupinda. Pindua umbo hilo, na kila mvuto unageuka kuwa mkandamizo: pale pete zilipokuwa zikivutana, mawe sasa yanasukumana, kwa njia ileile. Na hapo ndipo penye heri kwa mwashi, kwa kuwa jiwe, tofali na udongo hubeba mkandamizo mkubwa, lakini vikivutwa hupasuka upesi. Linganisha na boriti iliyolazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Ikielemewa, upande wake wa juu unakandamizwa na wa chini unavutwa. Mti hustahimili hali hiyo kwa kiasi, jiwe halistahimili. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za mawe katika pwani yetu vilikuwa virefu lakini vyembamba: upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Tao halina kifungo hicho.

Kanuni hii ilijulikana kabla ya Gaudí, msanifu majengo wa Hispania aliyelitumia sana tao hili. Mwaka 1675 mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke aliificha ndani ya fumbo la herufi za Kilatini, na fumbo likaja kutolewa jibu baada ya kifo chake: kama uzi mlegevu unavyoning'inia, ndivyo tao gumu litakavyosimama likipinduliwa. Mwaka 1691 wanahisabati Leibniz, Huygens na Johann Bernoulli, kila mmoja kwa njia yake, wakaipata hesabu ya mpindo huo. Miaka ya 1740, kuba la kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma lilipoonyesha nyufa, mwanasayansi Mwitaliano Giovanni Poleni alitundika uzi wenye vizito ili kulipima. Lakini kwa miaka mingi iliyofuata wajenzi waliendelea kutumia nusu duara na tao lenye ncha, maumbo yaliyozoeleka machoni. Tao la mnyororo lilionekana geni, hata baya. Ilihitajika mtu asiyeona aibu nalo.

Antoni Gaudí i Cornet alizaliwa tarehe 25 Juni 1852 katika eneo la Reus, Katalunya, kaskazini-mashariki mwa Hispania. Baba yake alikuwa fundi wa shaba, kama babu zake. Gaudí mwenyewe alisema kwamba uwezo wake wa kuona maumbo kwa pande zake zote aliurithi kwa mafundi hao, watu wanaolichukua bapa la shaba na kulifanya liwe chombo chenye tumbo. Utotoni aliumwa baridi yabisi, akawa mara nyingi hawezi kukimbia na wenzake. Alikaa akitazama miti, konokono na wadudu wa shambani. Alihitimu usanifu majengo mjini Barcelona mwaka 1878. Mwaka huohuo kazi yake ndogo, kabati la vioo la kuonyeshea glavu kwenye maonyesho ya Paris, ilimvutia tajiri wa viwanda Eusebi Güell, ambaye akawa mfadhili na rafiki wa maisha yake yote.

Watu wengi wakisikia kwamba Gaudí aliiga maumbile, wanafikiria mapambo: mijusi ya vigae, balkoni zinazofanana na mifupa, maua ya mawe. Hayo yapo, na yanapendeza. Lakini naamini kuiga kwake kwa kweli kumejificha ndani zaidi. Mti hauchagui umbo kwa kupendeza. Unakua kwa kadiri ya uzito unaoubeba na upepo unaousukuma. Gaudí alitaka jengo nalo lipate umbo kwa njia hiyo, uzito uchore kwanza, mchoraji afuate.

Alianza mapema. Mwaka 1883, kwenye chama cha ushirika wa wafanyakazi wa nguo huko Mataró, alijenga ukumbi wa kung'arishia nyuzi za pamba. Badala ya boriti ndefu za gharama alichukua vipande vifupi vya mbao, akaviunganisha kwa boliti hadi vikawa matao makubwa ya aina hii. Jengo lipo hadi leo. Halina pambo la kuzungumzia, nami nalihesabu miongoni mwa kazi zake nzuri kabisa, kwa sababu lilimpa mfanyakazi ukumbi mpana kwa mbao za bei ndogo. Baadaye matao hayo yakaingia kwenye milango ya jumba la Palau Güell, na kwenye ujia mweupe wa shule ya watawa wa Mtakatifu Teresa, uliopangwa tao baada ya tao.

Hapa inafaa kutenganisha maneno mawili yanayochanganywa. Vitabu vingi vinayaita matao ya Gaudí parabola, yaani mpindo kama wa njia ya jiwe lililorushwa. Mnyororo unaobeba uzito wake tu, uliogawanyika sawa katika urefu wake, unachora katenari. Kebo ya daraja la kuning'inia, ambayo mzigo wake mkubwa ni barabara tambarare iliyo chini yake, inachora mpindo unaokaribia sana parabola. Kwa macho ni vigumu kutofautisha, hasa tao likiwa bapa. Na ukitundika vizito visivyolingana, hapa kilo mbili, kule kilo kumi, unapata umbo la tatu lisilo na jina moja, lenye pembe pale kila mzigo unaposhika. Umbo hilo la tatu ndilo lililomshughulisha Gaudí kwa miaka kumi.

Mwaka 1898 Güell alimwomba ajenge kanisa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda chake huko Santa Coloma de Cervelló, nje kidogo ya Barcelona. Gaudí hakuanza na karatasi. Katika kibanda kilichokuwa palepale, alichora ramani ya msingi wa kanisa kwenye ubao uliofungwa darini, akatundika nyuzi kutoka kila mahali ambapo nguzo ingesimama. Modeli yake, yaani mfano mdogo wa kanisa, ilikuwa na vipimo vya moja kwa kumi, ikashuka kiasi cha mita 4. Kwenye nyuzi alining'iniza vifuko vya kitambaa vilivyojaa risasi ndogondogo za kuwindia ndege, gramu moja ikisimama badala ya kilo 10 za jengo. Ukiongeza kifuko kimoja, nyuzi zote za jirani zinahama. Akihamisha nguzo moja, kanisa zima linajipanga upya mbele ya macho yake. Nyuzi zilikuwa zikimfanyia hesabu ambayo kwa kalamu ingemchukua miezi.

Modeli ilipotulia, ilipigwa picha. Picha ikageuzwa juu chini, na kanisa likaonekana limesimama: minara, kuta zilizoegama, nguzo zinazotanda. Juu ya picha hizo Gaudí alipaka rangi kuchora sura ya ndani na ya nje. Kila ninapoziangalia picha hizo nastaajabia subira iliyomo. Ujenzi ulianza mwaka 1908, ukakoma 1914 baada ya fedha kukatika, na sehemu iliyokamilika ni kripta tu, yaani kanisa la chini. Ndani yake zipo nguzo za basalti, jiwe gumu la volkano, zilizochongwa kwa ukali na kuegemezwa upande, kila moja kwa pembe yake. Anayeingia mara ya kwanza anaweza kudhani zinataka kuanguka. Kumbe zimelala kwenye njia ileile ambayo uzi ulionyesha, na kama zingesimama wima ndipo zingehitaji msaada.

Wakati kripta ikijengwa, mjini Barcelona alikuwa akisimamisha nyumba ya kupangisha iitwayo Casa Milà. Chini ya paa aliweka matao 270 ya tofali nyembamba, na mahali hapo wapangaji walifulia na kuanika nguo. Chumba cha chini kikiwa kipana, tao la juu yake linainuka; kikiwa chembamba, linashuka. Paa linalofuata migongo ya matao hayo limekuwa na vilima na mabonde, na watalii wanaopanda kule hudhani ni uchezaji wa msanii.

Matao hayo yasingewezekana bila waashi wa Katalunya na ufundi wao wa kale. Wao hulaza tofali nyembamba kwa ubapa, ukingo kwa ukingo, na kuzigandisha kwa jasi inayokauka kwa haraka kiasi kwamba tofali hujishikilia yenyewe bila jukwaa zito chini yake. Juu ya safu ya kwanza huja ya pili, pengine ya tatu, na kinachopatikana ni ganda jembamba lenye nguvu nyingi.

Watu husema pia kwamba modeli ya nyuzi ilikuwa ya Sagrada Família, kanisa kubwa la Barcelona alilolichukua mwaka 1883 na kulifanyia kazi hadi mwisho. Sivyo. Kwa ukumbi mkuu wa kanisa hilo yeye na wasaidizi wake walipiga hesabu kwa michoro ya nguvu, mistari ikisimama badala ya mizigo. Fikra lakini ni ileile. Nguzo zinaegama na kugawanyika matawi, kila tawi likishika kipande chake cha dari, na zile zilizobeba uzito mkubwa zaidi zimechongwa kwa mawe magumu zaidi. Kwa njia hiyo aliepuka nguzo za nje zinazoegemeza kuta za makanisa ya Kigothi, mtindo wa Ulaya ya enzi za kati; nguzo hizo yeye aliziita magongo ya mlemavu. Oktoba 2025 mnara wake mkuu, uliopangwa kufika mita 172.5, ulilifanya kanisa hilo kuwa refu kuliko yote duniani.

Gaudí hakuona hata sehemu ndogo ya hayo. Tarehe 7 Juni 1926 aligongwa na tramu. Kwa kuwa alivaa nguo zilizochakaa alidhaniwa ombaomba, na akafariki tarehe 10 Juni akiwa na miaka 73. Miaka kumi baadaye, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilipoanza, karakana yake ilichomwa, michoro ikateketea na modeli za plasta zikavunjwa. Ile ya nyuzi nayo haipo tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Stuttgart, Ujerumani, waliitengeneza upya kwa kuzisoma picha za zamani, uzi kwa uzi.

Ufundi wenyewe haukufa. Mwaka 2017 ulifunguliwa uwanja wa kriketi huko Gahanga, Kigali, na paa la jengo lake ni maganda membamba yaliyopinda kama njia ya mpira unaodunda. Yamejengwa kwa vigae vya udongo wa Rwanda uliochanganywa na saruji kidogo, vikashindiliwa bila kuchomwa, na kulazwa safu juu ya safu kwa namna ya waashi wa Katalunya. Katikati ya safu, wajenzi walitandika wavu. Tao la aina hii limeumbwa kwa uzito unaoshuka chini. Rwanda ina matetemeko, na tetemeko husukuma kwa upande; ndiyo maana wavu ule ukawekwa.