Ganda la Camembert Huliwa
Kwa miaka mingi walaji wengi wameamini kwamba ganda jeupe la Camembert, jibini laini ya Normandie nchini Ufaransa, ni kifungashio tu au dalili ya kuharibika, hivyo hulimenya na kulitupa. Ganda hilo ni kuvu iitwayo Penicillium camemberti, inayopandwa kwa makusudi, nayo ndiyo huivisha jibini kuanzia nje kuelekea ndani na kuipa harufu ya uyoga. Itoe kwenye friji yapata saa moja kabla ya kula, kisha uikate kama keki, kutoka katikati hadi ukingoni, ili kila kipande kiwe na ganda na kiini. Ikinuka amonia kali, imeiva kupita kiasi. Hiyo hata mimi siigusi.