Kosa la mfalme, mzigo wa waziri

Waziri wa Uingereza katika karne ya 17 hakuwekwa na kura wala na chama. Alikuwa mtumishi wa mfalme: ameteuliwa leo, kesho anaweza kufukuzwa. Cheo cha waziri mkuu hakikuwapo. Mara nyingi aliyesikilizwa zaidi ni Mweka Hazina Mkuu, maana wafalme wa ukoo wa Stuart walikuwa wakihangaikia fedha kila siku.

Sheria ilisema mfalme hawezi kutenda kosa. Basi Bunge lilipokasirika, lilimkamata waziri: wabunge wa kuchaguliwa wanashtaki, malodi (wakuu wasiochaguliwa) wanahukumu. Mwaka 1641 kesi ya Strafford, waziri wa mfalme Charles I, ilipokwama, Bunge lilipitisha sheria ya kumuua. Mfalme, aliyekuwa amemwahidi kwamba hataguswa, aliikubali, na Strafford akakatwa kichwa.

Kisa kinachoonyesha mambo wazi zaidi, kwa maoni yangu, ni cha Danby, Mweka Hazina wa Charles II. Machi 1678 Bunge lilikuwa limetoka kuidhinisha fedha za kupigana na Ufaransa. Siku chache baadaye Danby alimwandikia Ralph Montagu, balozi aliyekuwa Paris, amwombee mfalme kwa Wafaransa livre (fedha ya Ufaransa ya wakati huo) milioni 6 kila mwaka, kwa miaka 3, iwapo amani ingepatikana. Danby hakuipenda kazi hiyo. Ufaransa haikuwa rafiki yake. Chini ya barua Charles aliongeza kwa mkono wake kwamba imeandikwa kwa amri yake.

Montagu akaja kupoteza ubalozi, akaingia bungeni, na Desemba mwaka huohuo barua ikasomwa mbele ya wabunge. Maneno ya mfalme yalikuwapo, lakini aliyeshtakiwa ni Danby. Mfalme akalivunja Bunge, kisha akampa waziri wake msamaha wenye muhuri. Bunge jipya likaukataa: kama mfalme anaweza kumsamehe aliyefanya kazi yake chafu, ni nani atakayeulizwa? Danby alikaa kifungoni katika Mnara wa London hadi 1684, bila hukumu.

Mwaka 1701 sheria ya urithi wa ufalme ilitamka kwamba msamaha wa mfalme hauwezi kuzuia mashtaka ya wabunge. Danby alikuwa angali hai, sasa akiitwa Duke wa Leeds, na mwaka 1695 alikuwa ameshashtakiwa bungeni mara ya pili, safari hiyo kwa rushwa.