Si kweli kwamba mwili wote huwa mpya kila baada ya miaka 7

Ujumbe unaozungushwa mara kwa mara katika makundi ya simu, hasa kwa waliofiwa au walioachika, hudai kwamba seli zote za mwili hufa na kubadilishwa kila baada ya miaka 7, hivyo yule aliyeumizwa zamani si wewe tena. Nia yake ni njema, lakini hesabu si sahihi.

Seli hufa kwa mpango wa asili, ila kila aina ina muda wake. Zile za utando wa ndani wa utumbo hudumu siku chache tu na chembe nyekundu za damu takribani siku 120, ilhali nyingi za neva katika gamba la ubongo hubaki nasi tangu utotoni hadi kaburini. Wanasayansi walilipima jambo hili kwa kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, iliyotapakaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, kwani kiasi chake ndani ya seli hudokeza seli hiyo ilizaliwa lini.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu sehemu ya dai ni kweli na huonekana kwa macho: hina ya kiganjani hufifia ndani ya wiki chache, ngozi ya juu inapobanduka. Lakini jino la ukubwani likimeguka halijirudishi hata baada ya miaka 20, maana enameli yake, yaani tabaka gumu la nje, haina seli hai.

Tafadhali tusiendelee kuusambaza ujumbe huo. Mjane aliyeahidiwa miaka 7 huweza kujiona ana kasoro anapolia mwaka wa 8.