Kama Hitler angekufa 20 Julai 1944: jaribio la maofisa wa Ujerumani na simu iliyolizima

Kila tukimaliza mhadhara wa wazi kuhusu Vita vya Pili vya Dunia na kuruhusu maswali, hakosi mtu wa kuuliza habari za mguu wa meza. Kisa chenyewe kinajulikana. Tarehe 20 Julai 1944, kwenye makao ya kivita ya Adolf Hitler yaliyoitwa Wolfsschanze, karibu na Rastenburg huko Prashia Mashariki (leo mji huo uko Poland na unaitwa Kętrzyn), Kanali Claus von Stauffenberg aliweka mkoba wenye bomu chini ya meza ya ramani, kisha akatoka akisingizia kwamba anakwenda kupiga simu. Ofisa mmoja, Kanali Heinz Brandt, akaona mkoba unamsumbua miguuni, akausogeza upande wa pili wa mguu mnene wa meza hiyo ya mwaloni. Bomu likalipuka saa 6:42 mchana. Watu 24 walikuwa chumbani. Wanne walikufa papo hapo au kwa majeraha, Brandt akiwa mmojawapo. Hitler alipasuka ngoma za masikio na suruali yake ikachanika vibaya, lakini alitoka akitembea.

Basi watu huuliza: Brandt asingeugusa ule mkoba, je, vita vingekwisha wiki hiyo? Jibu langu huwa refu kuliko anavyotarajia muulizaji, kwa sababu Hitler kufa lilikuwa jambo moja, na jeshi kuishika Ujerumani lilikuwa jambo jingine kabisa.

Hata hilo la mguu wa meza si bahati mbaya kubwa kuliko zote za siku ile. Stauffenberg alikuwa na vipande viwili vya baruti laini, kila kimoja kama kilo moja. Alikuwa amejeruhiwa Tunisia mwezi Aprili 1943, akapoteza jicho la kushoto, mkono wa kulia na vidole viwili vya mkono uliobaki. Kutega bomu kwa vidole vitatu si kazi ya mchezo: kulikuwa na kichupa kidogo cha asidi cha kuvunjwa kwa koleo, asidi ile ile waya mwembamba pole pole, na waya ukikatika ndipo mlipuko utokee. Koleo lilipindwa mpini makusudi ili aweze kulishika. Alijifungia na msaidizi wake, Luteni Werner von Haeften, akisema anabadilisha shati kwa sababu ya joto. Kabla hawajamaliza, sajini mmoja akaja mlangoni kuwahimiza kwamba mkutano unaanza. Kipande kimoja kikawa kimetegwa, cha pili bado. Kwa haraka ile akaondoka na kimoja tu, na Haeften akakitupa kile kingine njiani walipokuwa wakikimbilia uwanja wa ndege. Wataalamu wengi wanaona kwamba lau angeviweka vyote viwili mkobani, hata kimoja kikiwa hakikutegwa, asingepona mtu mle ndani. Halafu mkutano ulifanyika kwenye banda la mbao lenye madirisha yaliyo wazi, si kwenye handaki la zege, kwa hiyo nguvu ya mlipuko ikapata pa kutokea.

Haya, tukubali kwamba Hitler amekufa. Nani anatoa amri Ujerumani saa 7 mchana?

Jibu la wapangaji lilikuwa mpango wa Valkyrie. Mwanzoni haukuwa mpango wa mapinduzi hata kidogo. Ulitungwa kihalali, Hitler mwenyewe akauidhinisha, ili Jeshi la Akiba lililobaki nyumbani liweze kuzima fujo za ndani, hasa kama mamilioni ya vibarua wa kigeni waliolazimishwa kufanya kazi Ujerumani wangeasi. Jenerali Friedrich Olbricht, Henning von Tresckow na Stauffenberg waliurekebisha kimya kimya: vikosi vile vile, mikoa ile ile ya kijeshi, lakini sasa vitumwe kuzingira wizara, kushika vituo vya redio na kuwakamata viongozi wa SS (jeshi la chama lililoongozwa na Heinrich Himmler) na wa chama cha Nazi. Wanajeshi wangeambiwa kwamba kuna kikundi cha wanachama wasaliti kinachotaka kunyakua madaraka baada ya kifo cha Hitler. Kwa maneno mengine, askari wengi wangefanya mapinduzi bila kujua kwamba wanafanya mapinduzi. Ndiyo maana kifo cha Hitler kilihitajika: kila mwanajeshi alikuwa amekula kiapo cha utii kwa Hitler binafsi tangu Agosti 1934, na kiapo hicho kingeondoka naye.

Tatizo ni kwamba mpango ulihitaji sahihi ya Jenerali Friedrich Fromm, kamanda wa Jeshi la Akiba, ambaye alikuwa akipima upepo unavuma wapi. Stauffenberg alikuwa mnadhimu wake mkuu, na cheo hicho ndicho kilichompa nafasi ya kumfikia Hitler. Lakini cheo hicho hicho kilimfanya mtu mmoja, tena mlemavu, awe mtega bomu huko Prashia na kiongozi wa mapinduzi Berlin siku moja. Alikaa zaidi ya saa mbili hewani akirudi, na muda huo wote Berlin haikufanya chochote cha maana.

Wengi humlaumu Olbricht kwa uzembe. Mimi simlaumu sana. Siku tano kabla, tarehe 15 Julai, Stauffenberg alikwenda Wolfsschanze na bomu, na Olbricht akatoa amri za mwanzo za Valkyrie mapema ili kuokoa muda. Bomu halikutegwa, ikabidi aeleze kwamba lile lilikuwa zoezi tu. Mtu hawezi kutoa kisingizio hicho mara mbili. Tarehe 20 alipopata simu yenye maneno ya mafumbo kwamba jambo limetokea ila Hitler yu hai, aliona heri asubiri. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nayo iliwaumiza kweli: amri zilianza kutumwa kama saa 10 alasiri, na kwa kuwa zilikuwa za siri zilipitia mitambo ya maandishi moja baada ya nyingine hadi usiku. Makamanda wa baadhi ya mikoa walipokea amri ya Berlin na kanusho la Fildi Mashali Wilhelm Keitel, mkuu wa makao makuu ya majeshi, aliyekuwa pamoja na Hitler, karibu wakati mmoja. Wewe ungekuwa kamanda wa mkoa, ungetii ipi?

Kilichomaliza mchezo ni simu moja. Meja Otto Ernst Remer, kamanda wa kikosi cha ulinzi cha Berlin, alikuwa ameshazingira eneo la serikali kama alivyoamriwa. Alipofika kwa waziri wa propaganda, Joseph Goebbels, huyo akampigia simu Hitler na kumpa Remer mkonga. Hitler akamwuliza kama anaitambua sauti yake. Remer akaitambua, akasimama wima kijeshi, na kuanzia hapo vikosi vyake vikageuka dhidi ya waliomtuma. Usiku ule ule Fromm, ambaye alikuwa amekataa kushirikiana na kufungiwa chumbani, alitoka na kuwahukumu haraka haraka watu walioweza kumtaja. Stauffenberg, Olbricht, Haeften na Albrecht Mertz von Quirnheim walipigwa risasi uani, kwenye jengo la Bendlerblock. Fromm mwenyewe hakunusurika. Walimpiga risasi Machi 1945 kwa kosa la woga.

Hapa ndipo historia mbadala inapata msingi. Kama Hitler amekufa, Goebbels hana wa kumpigia. Remer, ambaye hakuwa mpangaji bali mtii wa amri, kuna uwezekano mkubwa angemkamata waziri huyo jioni ile. Fromm angetia sahihi. Na tuna ushahidi wa kweli wa jinsi mambo yangekwenda, kwa sababu mji mmoja ulifanikiwa: Paris. Jenerali Carl-Heinrich von Stülpnagel, kamanda wa jeshi la Ujerumani lililoikalia Ufaransa, aliwatia ndani watu kama 1,200 wa SS na polisi wa usalama, pamoja na wakuu wao, bila risasi hata moja kufyatuliwa. Mifuko ya mchanga iliandaliwa kwa ajili ya kuwapiga risasi. Ilipobainika kwamba Hitler yu hai na kwamba Fildi Mashali Günther von Kluge, kamanda mkuu wa Wajerumani upande wa magharibi, hataki kujiunga, wafungwa waliachiliwa, na maofisa wa pande zote mbili wakaketi Hotel Raphael wakinywa shampeni na kukubaliana kusema kwamba ulikuwa ni mkanganyiko. Wale SS wa kutisha walikamatwa kama vifaranga usiku mmoja. Hilo linanishawishi kwamba Berlin, Paris na Vienna zingeweza kushikwa.

Ila zingeshikiliwa kwa muda gani, hapo ndipo pagumu. Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga, alikuwa ameteuliwa mrithi tangu 1939, Heinrich Himmler alikuwa na SS pamoja na wizara ya mambo ya ndani, na wote wawili hawakuwa katika chumba kile. Wangetoa amri zao. Naona kungekuwa na siku kadhaa, labda wiki, za Wajerumani kupigana na Wajerumani, huku majenerali wa mstari wa mbele wakingoja kuona nani atashinda, kama alivyofanya Kluge.

Serikali mpya ilikuwa tayari kwenye karatasi: Ludwig Beck mkuu wa nchi, Carl Goerdeler chansela, Erwin von Witzleben kamanda wa majeshi, na wanasiasa wa vyama vya wafanyakazi kama Wilhelm Leuschner na Julius Leber katika nafasi za juu. Lakini Goerdeler bado aliota amani ambayo Ujerumani ingebaki na Austria na kurudishiwa mipaka ya mashariki ya mwaka 1914. Hakuna mtu wa kumpa hayo. Roosevelt na Churchill walikwishatangaza Casablanca, Januari 1943, kwamba watakubali kusalimu amri bila masharti tu. Upande wa mashariki, shambulio la Jeshi Jekundu lililoitwa Bagration, lililoanza 22 Juni, lilikuwa limevunja vunja divisheni 28 za Kijerumani na kuichukua Minsk tarehe 3 Julai. Stalin hakuwa na sababu ya kujadiliana na majenerali. Tena si wote waliokuwa na mikono safi: Arthur Nebe, mmoja wa wapangaji, aliongoza mwaka 1941 kikosi cha mauaji kilichoua makumi ya maelfu ya Wayahudi na raia wengine huko Belarusi. Kuna watu wanaopenda kuwachora wote kama watakatifu. Kumbukumbu za vita haziruhusu.

Kwa hiyo sioni Ujerumani ikipona kushindwa. Ningetarajia Beck aufungue upande wa magharibi, Wamarekani na Waingereza wavuke mto Rhine miezi mingi kabla ya Machi 1945, na nchi isalimu amri pengine vuli ya 1944. Mipaka ya ukaliaji ingekuwa tofauti, kwa kuwa Warusi walikuwa bado hawajafika mto Oder.

Tofauti kubwa ingeonekana katika hesabu ya waliokufa. Wanajeshi wa Ujerumani waliokufa vitani wanakadiriwa kuzidi milioni 5, na karibu nusu yao walikufa baada ya Julai 1944. Wayahudi wapatao 437,000 wa Hungaria walikuwa wameshasafirishwa kati ya Mei na Julai, wengi wao wakauawa kwenye kambi ya maangamizi ya Auschwitz. Kwao mapinduzi yangechelewa. Lakini geto la Łódź, mtaa waliofungiwa Wayahudi huko Poland, lilifungwa Agosti, na zaidi ya watu 60,000 wakapelekwa huko huko. Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyeandika shajara mafichoni, alikamatwa Amsterdam tarehe 4 Agosti. Maasi ya Warsaw yalianza tarehe 1 Agosti na kugharimu maisha ya raia zaidi ya 150,000. Roketi za V-2 zilianza kuanguka London mwezi Septemba. Kila mwezi uliopunguzwa ulikuwa na watu ndani yake. Kwa askari wa Afrika Mashariki waliokuwa wakisonga mbele katika bonde la Kabaw, Burma, mwezi Agosti mwaka huo, sidhani kama mengi yangebadilika mara moja; wao walikuwa wakipigana na Wajapani.

Njia panda kubwa zaidi naiona Septemba 1938. Wakati huo Jenerali Franz Halder, Witzleben na wenzao walipanga kumkamata Hitler mara tu atakapoamuru kuivamia Czechoslovakia. Hapakuwa bado na vita, wala kambi za maangamizi. Mkataba wa Munich, uliotiwa sahihi na Uingereza na Ufaransa, ukampa Hitler alichotaka bila risasi, na wapangaji wakakosa sababu ya kuwaeleza askari wao.

Sababu hiyo ya kuwaeleza askari ingewasumbua hata mwaka 1944. Baada ya 1918, Wajerumani wengi waliamini kwamba jeshi lao halikushindwa vitani bali lilichomwa kisu mgongoni na wanasiasa wa nyumbani, na Wanazi walijijenga juu ya uongo huo. Beck angesalimu amri wakati karibu ardhi yote ya Ujerumani bado haijakanyagwa na adui. Tukitaka kupima uzito wa mzigo huo, tumtazame tena Remer. Mwaka 1951, miji ya Ujerumani ikiwa bado magofu, chama chake cha mrengo wa Nazi kilipata asilimia 11 ya kura katika jimbo la Niedersachsen, naye akipita kwenye mikutano akiwaita akina Stauffenberg wasaliti waliolipwa na wageni. Mwendesha mashtaka Fritz Bauer alimfikisha mahakamani Braunschweig Machi 1952, na akahoji kwamba dola iliyoua mamilioni ya watu haiwezi kusalitiwa. Remer alihukumiwa kifungo cha miezi mitatu kwa kuwakashifu marehemu. Kabla hajaanza kukitumikia alitoroka, na baadaye akaibukia Misri.