Simu ya santrali: mambo batu banadanganyana kuhusu FXS, FXO na E&M

«Tundu ni ile ile, tumechomeka, mbona iko kimya?» Hiyo njo ninasikia ku biro nyingi hapa Goma, boksi mupya ya simu imefungwa na santrali ya zamani (mashine inagawa simu ku ma biro). Tundu kufanana haimaanishi kitu. FXS na FXO ni aina mbili za tundu: FXS njo inatoa kuran, volti 48 hivi, na njo inafanya simu ilie. FXO inapokea tu, inajifanya simu ya mezani. Sasa bao balichomeka FXS ya boksi ku tundu ya poste za ma biro, na ile nayo ni FXS, pande zote mbili zinalisha hakuna wa kula, ungoje tonalite (ile sauti ya kusema unaweza piga) mpaka jioni. Ilipashwa kwenda ku tundu ya laini za inje, ile njo FXO.

Wengine banafikiri santrali iko na akili ya kujua umeinua simu. Akili gani! Ukiinua, waya mbili zinajifunga, kuran inapita, miliampea 20 hivi, njo inakupa tonalite.

Ile inasumbua kabisa ni hii: batu banasema mwenye kupiga akikata, boksi yetu itajua yenyewe. Ku laini ya waya mbili, hapana, mpaka santrali iseme: ikate kuran kidogo, ao igeuze plus na minus, ao itoe tu tonalite ya okipe (sauti ya laini iko bize). Ikitoa okipe peke yake, boksi inapashwa kuitambua kwa masikio, na okipe haiko moja: ya Marekani ni Hz 480 na 620 pamoja, ya Ufaransa ni 440 peke yake. Boksi moja ilikuja na reglaje ya Marekani, inasikia 440 inaona ni mutu anaimba, haikati, laini inabaki imeshikwa usiku muzima, asubui banasema imekufa banunue ingine. (Nilibadilisha mustari moja tu, nikalipwa soda.)

E&M ya «waya nne» (laini ya kuunganisha santrali na santrali) nayo usihesabu waya nne. Nne ni za sauti, mbili kwenda mbili kurudi, E na M, waya za signali, ziko pembeni, kufuatana na tipe zinaweza fika nane. Santrali inasemea ku M, inasikilia ku E.

Na E1, laini ya dijitali inabeba simu nyingi pamoja, iko na nafasi 32 lakini simu ni 30, juu ya 0 inapatanisha mwendo na ya 16 inabeba signali. Boss moja alinikasirikia ati nimemwibia mbili.